Kulala katika hoteli kubwa ya mjini Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayekwenda Japani na kufikia hoteli kubwa ya mjini: mfanyabiashara anayefuata magari yaliyotumika, mshiriki wa kozi fupi, mjumbe wa mkutano, au mtalii na familia yake. Nyumba za wageni za kienyeji zenye mikeka, na zile hoteli za vijichumba vya kapsuli, zina taratibu zake na hazimo humu. Ukisoma utaona jambo moja likijirudia: hoteli ya Japani inafuata kilichoandikwa kwenye buking. Ukarimu upo, tena mwingi, lakini haubadilishi masharti ukishasimama kaunta. Mengi humalizwa nyumbani, kabla hujafunga sanduku.

Hoteli kubwa zote ni sawa?

Hapana. Kuna hoteli za huduma kamili, zenye wapagazi, migahawa kadhaa, kumbi za harusi na za mikutano. Kwa Tokyo, hizo ni kama Imperial Hotel iliyofunguliwa 1890, Hotel New Otani ya mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki, na Keio Plaza ya Shinjuku, jengo la ghorofa 47 lililofunguliwa 1971 wakati eneo lile halijajaa minara. Halafu kuna hoteli za wasafiri wa kikazi: chumba kidogo kisafi, bei nafuu, mzigo unajibebea mwenyewe.

Ukubwa wa jengo usikudanganye. Mnara wa kampuni ya hoteli ya APA kule Yokohama una vyumba zaidi ya 2,300, lakini vingi ni vidogo kabisa. Soma ukubwa wa chumba kwa mita za mraba, usihesabu ghorofa wala nyota.

Mimi ningetazama umbali wa kituo cha treni kabla ya kitu kingine chochote. Hoteli nzuri iliyo dakika 15 kwa miguu kutoka kituoni, ukiwa na masanduku mawili na mvua ya Juni, si nzuri tena. Uliza pia jina la mlango wa kutokea. Kituo cha Shinjuku kina milango karibu 200, na ukitokea upande usio wako unaweza kuzunguka nusu saa huku hoteli unaiona.

Nifanye buking kabla ya kupata viza?

Ndiyo. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote wanahitaji viza, na maombi huambatana na ratiba inayoonyesha kila usiku utalala wapi, pamoja na anwani na simu ya hoteli. Chukua buking inayoweza kufutwa bila malipo. Ile ya bei rahisi isiyorudishwa hela iache mpaka viza iwe mkononi.

Bei inapanda lini?

Wakati wa maua ya micheri, yaani mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili. Kisha likizo ndefu ya kuanzia 29 Aprili hadi siku za mwanzo za Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Jumamosi ni ghali karibu mwaka mzima. Mara nyingine utaona bei imepanda mara mbili siku ya kawaida ya Novemba bila sababu unayoijua. Mara nyingi ni tamasha la mwanamuziki fulani, na mashabiki wake wameujaza mji.

Bei niliyoiona mtandaoni ndiyo nitakayolipa?

Angalia mambo matatu. Kwanza, je, ni bei ya chumba au ya mtu? Tovuti nyingi za Kijapani huandika bei ya kila mtu, kwa hiyo chumba cha wawili ni mara mbili yake. Pili, je, kodi ya asilimia 10 na ada ya huduma zimo? Ada hiyo kwenye hoteli kubwa huwa asilimia 10 hadi 15. Tatu ni kodi ya kulala, ambayo mara nyingi hulipwa palepale kaunta. Tokyo ilianza kuitoza mwaka 2002: yen 100 kwa mtu kwa usiku kama bei ya mtu mmoja imefika yen 10,000, na yen 200 ikifika 15,000. Hizo hazimuumizi mtu. Kyoto ni habari nyingine, maana kuanzia Machi 2026 kodi hiyo inafika hadi yen 10,000 kwa mtu kwa usiku kwenye malazi ya yen 100,000 na zaidi.

Nimwachie mhudumu bakshishi?

Usimwachie. Ukiacha noti mezani, kuna uwezekano mkubwa mtu akakufuata nayo mbio kwenye korido akidhani umesahau. Ukitaka kushukuru, sema asante na uiname kidogo. Ada ya huduma umeshailipa.

M-Pesa au kadi yangu ya benki itafanya kazi?

Pesa za simu za kwetu hazitafanya kazi. Kadi ya Visa au Mastercard inakubalika katika hoteli zote kubwa, ila piga simu benki yako kabla ya kusafiri uwaambie unakwenda wapi, la sivyo wanaweza kuifunga kadi kwa kudhani imeibwa. Fedha taslimu unaweza kutoa kwenye mashine zilizo ndani ya maduka ya 7-Eleven, ambazo hupokea kadi za nje. Hoteli nyingi zinataka ulipe unapoingia, si unapotoka. Siku hizi pengine utaikuta mashine badala ya mtu; bonyeza lugha ya Kiingereza na ufuate maelekezo, na mhudumu huwa amesimama hatua chache tu akitazama kama umekwama.

Kwa nini wananakili pasipoti yangu?

Ni sheria. Mgeni asiye na makazi Japani lazima uraia wake na namba ya pasipoti viandikwe, na hoteli hutoa nakala ili kutimiza hilo. Hawaichukui wakakaa nayo: inarudi mikononi mwako pale pale. Kila mtu mnayelala naye chumbani atoe yake, pamoja na watoto.

Ndugu yangu anaishi huku. Naweza kulala naye chumbani bila kumwandikisha?

Hapa ndipo Waswahili wengi hukwama, maana kwetu mgeni huleta mgeni. Jibu ni hapana. Kila anayelala lazima awe kwenye daftari, na bei imepangwa kwa idadi ya watu. Hoteli nyingi haziruhusu hata mtu wa nje kupanda kukusalimia, na lifti nyingi hazitembei bila kadi ya chumba. Kutaneni ukumbi wa chini au mkahawani. Kama kweli atalala, chukua chumba cha wawili tangu mwanzo, au wapigie simu mapema waongeze jina.

Na watoto?

Hoteli nyingi huruhusu mtoto mdogo alale bure kitanda kimoja na wazazi, ila kikomo cha umri kinatofautiana: pengine mwisho ni kabla ya kuanza shule, pengine hadi miaka 12. Mwandike kwenye buking hata kama halipiwi. Familia ya watu watano katika chumba kimoja ni vigumu kupatikana. Andaa hela ya vyumba viwili, na uombe viwe jirani.

Kuingia ni saa ngapi, na nikifika asubuhi?

Kuingia kwa kawaida ni saa tisa alasiri, kutoka ni saa nne au saa tano asubuhi. Muda wa kutoka ni muda wa kutoka, ukichelewa unatozwa. Ukifika asubuhi hupewi chumba, lakini mapokezi watapokea mizigo yako bure, watakupa kikaratasi chenye namba, nawe utazunguka mjini mikono mitupu. Vivyo hivyo siku ya kuondoka.

Saa zao zinaandikwa kwa mtindo wa 24, na usishangae ukisoma kuwa baa inafungwa saa 25:00. Ni saa saba usiku. Wanaendelea kuhesabu kwa sababu biashara ya siku hiyo haijaisha.

Ukijua utachelewa sana, waarifu. Asiyetokea usiku wa kwanza bila taarifa anaweza kufutiwa siku zote na kutozwa. Kumbuka pia treni husimama karibu na saa sita usiku hadi alfajiri, na teksi kutoka uwanja wa ndege wa Narita, ulio takriban kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, itakufanya ujute. Mabasi ya uwanja wa ndege yanayofika hadi mlangoni mwa hoteli kubwa ni rafiki wa mwenye mizigo.

Nimeingia mlangoni, sioni mapokezi. Nimepotea?

Pengine hujapotea. Katika minara mingi hoteli imekaa juu, na chini ni ofisi na maduka. Park Hyatt ya Tokyo ina mapokezi yake ghorofa ya 41. Unapanda lifti ya kwanza hadi mapokezi, kisha unabadilisha lifti kwenda chumbani. Na ghorofa zao zinahesabiwa kuanzia ardhini: 1F ni pale tunapopaita chini, 2F ndiyo ghorofa yetu ya kwanza.

Chumba kina ukubwa gani?

Katika hoteli za kikazi, chumba cha mtu mmoja huwa kama mita za mraba 12 hadi 15. Sanduku kubwa likifunguliwa sakafuni, hakuna pa kupita. Jihadhari na chumba kinachoitwa semi-double: ni kitanda cha upana wa sentimita 120 au zaidi kidogo, kinachouzwa kwa watu wawili. Wawili wembamba wanaopendana watalala. Wengine wote wachukue chumba cha vitanda viwili.

Taa hazitawaka mpaka uchomeke kadi kwenye kisanduku kilicho karibu na mlango. Friji mara nyingi ni tupu na imezimwa, tafuta swichi. Madirisha ya minara hayafunguki, na katika majengo ya zamani kiyoyozi kinaendeshwa kwa pamoja: majira ya joto kinatoa baridi, majira ya baridi kinatoa joto, na kitufe chako kinapunguza tu au kuongeza.

Chagua chumba kisichovutiwa sigara unapofanya buking. Vyumba vya wavutaji bado vipo na harufu haifichiki.

Choo kina vitufe vingi. Nibonyeze kipi?

Kwanza furahi. Kwa aliyezoea kujisafisha kwa maji, hii ni nchi moja ya mbali asikohitaji kubeba kopo. Kampuni ya TOTO ilianza kuuza kiti chake cha kunyunyiza maji mwaka 1980, na leo karibu kila hoteli inacho.

Paneli iko ukutani au kando ya kiti. Kitufe chenye alama 止 ndicho cha kusimamisha. Kitafute hicho kabla ya vingine vyote. Chenye mchoro wa makalio hunyunyiza nyuma, chenye mchoro wa mwanamke hunyunyiza mbele. Vingine huongeza nguvu ya maji au kusogeza bomba. Usibonyeze ukiwa umesimama unachungulia: vingine havitoi maji bila mtu kukaa, lakini usijaribu bahati yako. Kuvuta maji kuna alama mbili, 大 kwa maji mengi na 小 kwa machache. Karatasi ya chooni inatupwa humohumo chooni, si kwenye ndoo.

Na bafu?

Utapanda kizingiti cha kama kiganja, na utakuwa ndani ya kitu kinachofanana na boksi moja la plastiki: sinki, choo na beseni la kuogea vimeunganishwa. Bafu hizi zilibuniwa kwa ajili ya Hotel New Otani, iliyotakiwa kukamilika haraka kabla ya Olimpiki ya 1964. Zilitengenezwa kiwandani na kupandishwa juu zikiwa tayari, na kazi ya mafundi ikapungua sana. Mara nyingi bomba ni moja, linazungushwa kati ya sinki na beseni, na kitasa kingine kinapeleka maji juu kwenye shawa. Angalia kitasa kimeelekea wapi kabla ya kufungua, vinginevyo utaloa na nguo. Pazia liwe ndani ya beseni unapooga. Maji ya bomba yanakunywika.

Bafu la pamoja ghorofa ya juu ni lazima?

Si lazima. Ni bafu kubwa la maji moto, wanaume mbali, wanawake mbali, na wote wanaingia uchi kabisa. Nguo za kuogelea haziruhusiwi. Mtu hukaa kwenye kigoda, anajisugua na kujisuuza vizuri, ndipo anaingia kwenye maji. Taulo dogo halizamishwi. Wenye tatuu hukataliwa mahali pengi. Kwa anayechunga sitara, beseni la chumbani linatosha na hakuna atakayekuuliza.

Mavazi ya kulalia yaliyokunjwa kitandani ni yangu?

Ni ya kuvaa ukiwa hapo, si ya kuondoka nayo. Kama ni yukata, vazi jepesi la kufunga kwa mkanda, upande wa kushoto ulale juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti. Katika hoteli kubwa ya mjini usishuke nayo mapokezi wala mgahawani, wala ndara za chumbani usizitoe nje ya korido yako. Mswaki, wembe na kitana ni vyako kutumia. Tangu sheria ya plastiki ya mwaka 2022 hoteli nyingi zimevihamishia kwenye meza iliyo ukumbi wa chini, kwa hiyo pita uchukue unachohitaji kabla ya kupanda.

Chaja zangu zitafaa?

Umeme wa Japani ni volti 100, na plagi ni ya pini mbili bapa. Plagi zetu za pini tatu nene haziingii, kwa hiyo nenda na adapta. Za hoteli huisha. Chaja za simu na laptopu nyingi zinakubali volti 100 hadi 240, imeandikwa kwenye chaja yenyewe. Pasi, kikaushio cha nywele na hita ya kuchovya ziache nyumbani: zimetengenezwa kwa volti 230 au 240 na zitakuwa vuguvugu tu. Birika na kikaushio viko chumbani.

Nitakula nini, hasa kama nafuata halali?

Kifungua kinywa cha bufee ndicho chenye mitego. Imperial Hotel ndiyo iliyoanzisha bufee Japani mwaka 1958, na tangu hapo asubuhi za hoteli kubwa ni meza ndefu: wali mweupe, supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa), samaki wa kuchoma, mayai, kachumbari za chumvi, na maharage yanayovutika yaitwayo natto, ambayo ukiyapenda siku ya kwanza una bahati. Soseji karibu zote ni za nguruwe. Mchuzi uliopikia mboga unaweza kuwa na pombe ya mchele, na supu inayoonekana ya mboga tu inaweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Neno la kukumbuka ni buta, nguruwe. Hoteli nyingi huweka vibao vya viungo. Mhudumu akisema hana hakika, mwamini na uache.

Ukitaka chakula maalumu, andika siku kadhaa kabla. Wakijua mapema hujitahidi sana; wakiambiwa mezani huomba radhi tu. Samaki wa kuchoma, wali, mayai na matunda vinamfikisha mtu mbali, na duka la usiku kucha halikosekani hatua chache kutoka mlangoni.

Kuswali?

Kibla kutoka Tokyo ni magharibi, ikielekea kaskazini kidogo. Udhu unafanyika kwenye beseni, miguu usiipandishe kwenye sinki la pamoja la chini. Kwa Ijumaa, msikiti mkubwa wa Tokyo Camii uko karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara, vituo vichache vya treni kutoka Shinjuku, na Kobe kuna msikiti wa tangu 1935.

Tetemeko likitokea nikiwa ghorofa ya 30?

Huenda likatokea, dogo. Simu yako inaweza kulia kwa sauti kali sekunde chache kabla. Wajapani hupima kutikisika kwa mahali ulipo, kutoka 0 hadi 7, na daraja la 5 na la 6 yamegawanywa mara mbili, jumla madaraja 10. Ukisikia kwenye televisheni ni 3, endelea na chai yako.

Mnara haupigi kishindo, unayumba. Tarehe 11 Machi 2011 minara ya Shinjuku iliyumba kwa dakika nyingi ingawa kitovu kilikuwa mbali, baharini kaskazini-mashariki. Imejengwa iyumbe hivyo. Kanuni za ujenzi zilikazwa mwaka 1981, na hoteli iliyojengwa baada ya hapo inazifuata. Usikimbilie ngazi wakati bado kunatikisika. Kaa mbali na dirisha, linda kichwa kwa mto, na ukiweza fungua mlango usije ukakwama. Lifti hujisimamisha zenyewe kwenye ghorofa ya karibu, na hazirudi kazini mpaka zikaguliwe, kwa hiyo weka viatu karibu na kitanda: huenda ukashuka kwa miguu. Matangazo yatatolewa kwenye spika, hata kwa Kiingereza.

Moto ndio wa kuogopa zaidi. Februari 1982 Hotel New Japan ya Tokyo iliungua na watu 33 wakafa. Ulianzia kwa mgeni aliyevuta sigara kitandani, na jengo halikuwa na mabomba ya kuzima moto yanayojifungua. Ramani ya kutokea iko nyuma ya mlango wako. Isome usiku wa kwanza, hesabu milango hadi ngazi. Kando ya kitanda kuna tochi ukutani inayowaka ukiichomoa. Zimamoto na gari la wagonjwa ni 119, polisi 110, lakini kuanza na mapokezi ni haraka zaidi kwa asiyejua Kijapani.

Nahama Tokyo kwenda Osaka na masanduku makubwa. Nifanyeje?

Yatume. Mapokezi watakujazia fomu, utalipa kwa sanduku, na kwa kawaida utayakuta hoteli ya pili kesho yake. Beba nguo za usiku mmoja. Ukiamua kwenda nayo kwenye shinkansen, treni ya mwendo kasi, ya Tokyo–Osaka, sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti kilichowekewa nafasi ya mzigo.

Chumba hakijasafishwa leo. Nilalamike?

Angalia kwanza mlangoni. Hoteli nyingi sasa hazisafishi kila siku mpaka uombe, na badala yake hutundika mfuko wenye taulo mpya. Kufua nguo, tafuta chumba cha mashine za sarafu. Nyingi hujiwekea sabuni zenyewe, kwa hiyo usimwage nyingine.

Nimesahau kitu chumbani na nimeshafika nyumbani.

Waandikie barua pepe ukitaja namba ya chumba, tarehe na kitu chenyewe. Hoteli huvihifadhi kwa muda kisha huvipeleka polisi, kwa hiyo usikae wiki tatu. Gharama ya posta ni yako, na betri za ziada za simu hawazitumi kwa ndege.